Mjukuu Wangu, Hilo Gari Litakudai

Mjukuu wangu, nimesikia umeshapata mtu wa kukukopesha. Nimesikia pia kwamba gari lenyewe limeshaonekana, jeupe, namba E, na dalali amekwambia ukichelewa wiki hii litachukuliwa na mtu wa Babati. Kaa kwanza. Dalali ana mtu wa Babati kwa kila gari analouza.

Sikukatazi kumiliki gari. Nani wa kukataza hilo hapa Karatu? Mji huu unakula kwa magurudumu. Msimu ukifika, magari ya watalii yanapita kwenye lami yetu tangu alfajiri kuelekea geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na kila moja linamlisha dereva, fundi, muosha magari, mama wa chapati na muuza dizeli. Nakuomba jambo moja tu: usinunue gari ukiwa na pesa ya kununulia peke yake.

Bei aliyokutajia dalali ni malipo ya kwanza. Yanayofuata hakutajii, kwa kuwa hayaendi kwake.

Tuanze na hiyo namba E inayokupa usingizi mtamu. Ninyi vijana mkiona herufi mpya kwenye kibao mnasema gari jipya. Mwanangu, herufi ile inakwambia gari limesajiliwa lini Tanzania. Haikwambii limetoka kiwandani lini kule Japani. Laweza kuwa limetembea miaka 15 kwenye barabara za wenzetu, likapanda meli, likashuka bandarini Dar es Salaam, likapewa namba ya juzi. Serikali yenyewe haidanganyiki: gari lililopita umri linaongezewa ushuru kwa ajili ya uchakavu. Mtoza kodi ameshalitambua kuwa kuukuu, wewe wa Karatu unalionaje jipya? Anayenunua rangi atalipia injini.

Na kilomita usiziamini. Zile tarakimu zinarudishwa nyuma, tena siku hizi bila hata kufungua dashibodi. Tazama kanyagio la breki limeisha kiasi gani, tazama usukani umeng'aa wapi, tazama kiti cha dereva. Mpira uliolika haujui kusema uongo.

Utaniambia: babu, magari ya kampuni yana waranti. Ni kweli. Gari jipya la wakala hupewa waranti, mara nyingi miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Lakini ukapeleleze Arusha uone yanayotokea. Land Cruiser likishafika, linapelekwa karakana, chasi inakatwa, inaunganishwa ndefu ili watalii wakae wengi, paa linatengenezwa la kuinuka. Isome karatasi ya waranti kabla hujashika msumeno, maana mtengenezaji hawajibiki kirahisi na kitu ulichokibadilisha mwenyewe. Na hata gari lisiloguswa, waranti haikununulii tairi, wala pedi za breki, wala klachi, wala bushi. Hivyo ni vitu vya kuisha. Kwa barabara zetu, mwanangu, karibu kila kitu ni cha kuisha.

Hilo la kwako halina waranti hata ya siku moja. Waranti yake ni namba ya simu ya dalali, na hiyo hufa kabla ya betri.

Wala usijidanganye na bima kubwa. Nimekutana na vijana wengi wanaodhani ukikata bima kubwa basi injini ikifa utalipwa. Bima kubwa ni ya ajali, ya moto, ya wizi. Injini iliyokufa kwa uzee ni msiba wa mwenye nyumba, na hakuna mtu wa bima anayekuja kwenye msiba huo na rambirambi.

Sasa sikiliza hili la mkataba, maana najua ndugu yako mkubwa anakushawishi uchukue Noah kwa mkataba. Najua unavyokwenda. Mwenye gari anakukabidhi, unampelekea hesabu kila siku, mafuta yako, matengenezo yako, na muda mliokubaliana ukitimia gari linakuwa lako. Ukilisikia mdomoni ni tamu. Lakini fikiri dereva wa mkataba anaendeshaje. Anapiga mbio kutoka Arusha hadi Karatu, anapakia kupita kiasi, anaahirisha oili kwa sababu leo hesabu haijatimia. Kelele ikianza kwenye bolijointi, anapandisha sauti ya redio. Anasema moyoni, nimalize kwanza mkataba, ndipo nitalitengeneza vizuri.

Basi mkataba unaisha. Anapewa kadi, anapigiwa vigelegele, anachinja mbuzi. Na mwezi huohuo gari linaanza kudai yote aliyoliahirishia. Gia boksi. Rejeta. Injini inakula oili. Yule aliyelimiliki alishakula nyama, huyu amekabidhiwa mifupa na kadi. Nimewaona wengi, mjukuu wangu, wakiuza gari walilolihenyekea kwa bei isiyofikia nusu ya jasho lao. Sauti ndogo ya leo ndiyo bili ya mwezi ujao.

Na kama ni Noah, uliza ni ya injini gani. Zile zilizotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2007, nyingi zina injini ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Kule kwenye petroli safi si gari baya. Huku ukijaza kwenye madumu ya pembeni mwa barabara, pampu na nozeli zitakufundisha adabu. Mafundi wanalijua hilo, waulize kabla ya kulipa. Ukishalipa watakwambia tu "pole, kaka".

Barabara yetu nayo ni mdai. Kutoka Makuyuni, kupita Mto wa Mbu hadi Karatu na mpaka getini ni lami. Ukishavuka geti la Lodoare unaingia kwenye kifusi na vumbi la majivu ya volkano, kiangazi laini kama unga, masika tope zito. Vumbi lile linaingia kila mahali. Linaziba ea klina, na kama ea klina ni feki au imekaa vibaya linapita hadi ndani ya silinda. Huko ndani linasugua ringi za pistoni taratibu. Huoni kitu. Halafu siku moja moshi wa bluu unatoka nyuma na oili inapungua bila kuvuja. Hapo mwanangu ni kufungua injini nzima.

Ea klina ni kitu cha bei ndogo. Injini si kitu cha bei ndogo. Lakini kijana wetu anaona uchungu kununua ea klina, kwa sababu ile anailipia leo na injini ataikopea kesho.

Halafu kuna mawimbi ya barabara, yale ya kutetemesha mpaka meno. Kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti ukikimbiza gari, shokamzoba zinachemka mpaka zinamwaga oili, springi zinakatika, bushi zinageuka uji, mabano ya betri yanapasuka. Ukienda taratibu mno watalii wananung'unika. Ukikimbiza, gari linanung'unika. Mtalii hununa siku tatu, akaondoka. Gari utabaki nalo.

Na kreta yenyewe. Ukingoni uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ni kama mita 600 za mteremko. Dereva mgeni anashuka njia ya Seneto amekanyaga breki kutoka juu hadi chini, badala ya kuweka gia nzito na kuiacha injini ilishikilie gari. Breki zinapata moto, mafuta ya breki yaliyozeeka yanachemka, pedali inazama mguuni. Mafuta yale hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, ndiyo maana hubadilishwa, si kuongezwa tu. Nakusihi, mjukuu wangu, nisikie hapo. Mengine nayasema kwa ajili ya mfuko wako, hilo la breki nalisema kwa ajili ya mama yako.

Jioni unatakiwa uwe umepanda, maana saa 12 kreta inafungwa. Unapanda njia ya Lerai umejaza watu, gia ya chini, jua lilikuwa kali mchana kutwa, mshale wa joto unapanda. Kama rejeta umekuwa ukiijaza maji ya mfereji badala ya kulanti, imeshaota kutu ndani. Na mafundi wetu wana tabia ya kutoa thamostati na kuitupa, wakisema gari litapoa vizuri. Asubuhi za Karatu, baridi ile, injini haipati joto lake, inakula dizeli bure na kulika. Mchana ikizidiwa mlimani, gasketi inaungua. Ukiendelea kuipiga hivyohivyo ili ufike, silinda hedi inapinda. Gasketi ungelala nayo gereji siku mbili. Hedi iliyopinda itakupeleka Arusha kwa gari la kuvuta, na gari la kuvuta linahesabu kwa kilomita.

Chini kule kuna Ziwa Magadi. Jina linatosha. Magadi hula chuma. Vivyo hivyo Ndutu, na Eyasi ukimpeleka mtalii kuwaona Wahadzabe. Gari likitoka huko lisilale bila kuoshwa chini ya tumbo. Vijana mnaosha bodi ili ling'ae kwenye picha, chasi mnaiachia Mungu.

Usidhani gari hufa mahali pazuri. Likikufia ndani ya kreta huwezi kushuka ukafungue boneti huku simba anakutazama. Namshukuru Mungu madereva wa njia hii wana undugu, mwenzako hatakupita bila kusimama. Lakini wageni wako watahamishiwa gari jingine, na kampuni iliyokupa kazi itakukata malipo, na mara ya pili haitakupigia simu. Hiyo ndiyo gharama ambayo fundi haiandiki kwenye karatasi yake.

Tupige hesabu kidogo, tena ya tairi peke yake. Tuseme tairi moja ni shilingi laki 6, na gari linavaa 4 na la akiba 1. Hiyo ni milioni 3. Tuseme zimedumu kilomita 40,000, na kwa njia zetu hapo nimekuhurumia. Kila kilomita imekula shilingi 75 za tairi. Arusha na kurudi ni karibu kilomita 300. Kabla hujanunua dizeli, kabla hujanywa chai Makuyuni, umeshatumia shilingi 22,500 za mpira. Pesa hiyo uliipokea mkononi ukadhani ni faida. Ukanunua kiatu.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa oili, kwa pedi, kwa shokamzoba, kwa klachi, kwa mkanda wa taimingi. Land Cruiser la injini ya 1HZ, lile la dizeli la silinda 6 ambalo mafundi wote wa hapa wanalijua kwa kupapasa, mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Umenunua gari la mtumba, kilomita zimechezewa, hujui mkanda ulibadilishwa lini. Basi ubadilishe siku unayolinunua. Usingoje. Mkanda ukikatika njiani, valvu zinagongwa, na utakuwa umeokoa pesa ya mkanda ukaitoa ya injini.

Sasa nije kwenye linaloninyima usingizi. Pesa ya matengenezo unaitoa wapi, siku gari likisimama?

Nimeona linavyokwenda. Mwezi wa saba, msimu umepamba moto, gari limekufa. Kazi ziko nje zinapita. Kijana anaona kila siku gereji ni hasara, na hapo anakimbilia kwa wakopeshaji wa kausha damu. Anaweka kadi ya gari. Wanampa pesa siku hiyohiyo, hawaulizi hata jina la baba yake. Gari linatengenezwa kwa haraka, kwa spea kopi, kwa sababu pesa ya kausha damu haitoshi jenyuini. Wiki ya sita spea kopi inakatika. Riba iko palepale inatembea. Mkopo hauna pancha, mjukuu wangu. Unatembea usiku na mchana, masika na kiangazi.

Baada ya kadi huja shamba. Ndipo ninapokuja na fimbo yangu. Shamba lile la Rhotia alilifyeka baba wa baba yangu. Limewalea baba zako kwa mahindi na maharage, na likamsomesha mama yako mdogo. Nakuomba, nakuomba tena, usilipeleke shamba benki kwa ajili ya kitu kinachoshuka bei kila kinapowashwa. Mwenzako wa Mang'ola aliyepata pesa nzuri ya vitunguu akanunua gari, msimu uliofuata hakuwa na pesa ya mbegu wala ya kuendeshea pampu ya maji. Gari lilikuwa zima. Shamba ndilo lililokosa mafuta.

Mtu wa rika langu ameona kazi hii ikisimama zaidi ya mara moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, watalii waliokuwa wakitokea Nairobi wakakatika ghafla, na mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Miaka ile spea ilikuwa haionekani. Land Rover zilikaa juu ya mawe, moja inavuliwa ili nyingine itembee. Mwaka 2020 ukaja na korona. Mwaka mmoja nyuma nchi ilikuwa imepokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka ule wakashuka hadi laki 6 na ushee. Ninyi mliyaona hayo kwa macho yenu, magari yakiwa yamejipanga uani, na benki haikufungwa hata siku moja.

Na gari lililosimama halipumziki. Betri inakufa, tairi zinapasuka pembeni, sili zinakauka, panya wanatafuna nyaya. Gari halijui msimu.

Sasa utasema babu amenifungia milango yote. Hapana. Nunua, lakini nunua kwa utaratibu wangu. Ukiwa na milioni 20, usilitafute gari la milioni 20. Tafuta la milioni 14, na milioni 6 iweke mahali ambapo huwezi kuifikia kwa simu ukiwa umekunywa. Hiyo ndiyo waranti yako, hakuna mwingine wa kukupa. Kisha kila ukipokea malipo ya safari, toa fungu la gari kabla ya fungu lako. Kama una aibu ya kujizuia mwenyewe, mpe mkeo aweke kwenye VICOBA yake. Wanawake wale hawatoi pesa kwa hadithi.

Mtafute fundi mmoja, umheshimu, umlipe kwa wakati. Ukinunua gari umenunua na fundi. Anayezunguka gereji tatu akitafuta wa bei ndogo ataunganishiwa gari lake na watu watatu wasiojuana, na kila mmoja atamlaumu aliyetangulia. Na daftari uwe nalo: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei. Kwenye breki na usukani usikubali kopi hata kwa dawa. Kwenye kioo cha pembeni weka unachotaka.

Na gari la kisasa lenye umeme mwingi, kabla hujalipenda uliza hapa Karatu nani ana mashine ya kulipima. Kama jibu ni Arusha, jua kwamba kila taa ya njano itakayowaka kwenye dashibodi ni safari ya Arusha.

Kuhusu hilo jeupe, usimpe dalali hata shilingi ya kishika uchumba. Mwambie Jumamosi tunalijaribu. Njoo na fundi wako, mimi nitakuja na miwani yangu. Lisiwashwe kabla sijafika, nataka kulisikia likiwaka la baridi. Tutalishusha hadi Mto wa Mbu, tuligeuze, tulipandishe ule mlima tukiwa watu watano ndani na kiyoyozi kimewashwa, mpaka Rhotia. Tukifika hapo, fundi afungue boneti, wewe utazame mshale wa joto, mimi nitatazama moshi. Dalali akikataa, akasema anawahi mtu wa Babati, mwache aende naye.